Kwako Gramu, na kwa Santuri Yako ya Nne

Mwaka umetimia na wiki kadhaa juu yake tangu ulipotuacha, Gramu, na cherehani yangu bado iko kwenye korido. Uliniahidi chumba cha nyuma binti yetu alipokuwa anatambaa. Sasa binti anafundisha hesabu, amekuwa mrefu kunishinda, na chumba cha nyuma bado ni cha mwanamuziki mmoja wa mbali ambaye hajui hata kama tulizaliwa.

Binti amesoma mistari hiyo akaniambia, "Mama, hili ni tangazo la kumbukumbu. Andika kwamba baba alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu." Nimemwambia la mwakani ataandika yeye. Mcheshi hukuwa. Ulikuwa unachekesha bila kujua, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mkarimu ulikuwa, nitafika huko. Mpenda watu pia ulikuwa, ila kwa foleni yako mwenyewe: watoto wachanga mbele, halafu mizani, halafu santuri, halafu sisi wengine tukisukumana mlangoni.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa fundi wa mizani. Ulitembea duka hadi duka na lile sanduku lako la mbao, kila jiwe la kupimia limelala kwenye shimo lake juu ya kitambaa chekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika kwa mkono mtupu, eti jasho lina uzito. Ndiyo maana sokoni walikuita Gramu, hadi nami jina nikalizoea. Mwenye bucha alikuwa akikuona unavuka barabara, anaanza kufuta mizani yake kabla hujamsalimia. Siku moja ulimwambia mbele ya wateja wote kwamba mizani yake inakula nyama kuliko mbwa wake. Watu walicheka. Wewe hukucheka, kwa sababu hukuwa unatania.

Na kila mwezi, bila kuitwa na mtu, ulikwenda zahanati kukagua mizani ya watoto. Nilikuuliza kwa nini unajipa kazi usiyotumwa. Ukanijibu, "Mtoto akiwa mzima na mizani ikasema amepungua, mama yake atakosa usingizi tu. Lakini akiwa amepungua na mizani ikasema yuko sawa, mama yake atalala. Hilo ndilo linaloniogopesha." Muuguzi aliniambia mwezi uliopita kwamba tangu uondoke, kila mtoto wanampima mara mbili. Nilipofika nyumbani nililia, kisha nikaingia chumba cha nyuma kutafuta pa kuweka vitambaa vyangu, nikakosa, hasira ikanirudia.

Maana ulikuwa mtu wa vipimo, Gramu. Mtu wa haki. Ndiyo maana nashindwa kukusamehe haraka yale ya santuri ya nne.

Jina la yule mwanamuziki sitaliandika hapa. Ulilitaja vya kutosha, na tangazo hili ni lako. Nyumbani tulimwita Mzee Vyuma, kwa kuwa kwenye santuri ya kwanza hapigi ala yoyote ya muziki, anagonga mabomba. Mama yangu aliisikia mara moja akauliza, "Huyo anatafuta mfuniko wa sufuria gani?" Mzee Vyuma alitoa santuri sita katika miaka ya sabini, kisha akanyamaza. Laiti nawe ungenyamaza naye.

Lakini wapi. Ulikuwa na maoni juu ya kila upande, kila wimbo, kila mkwaruzo. Ya kwanza ulisema ni ya mtu anayejifunza kuogopa. Ya pili, ambayo upande mzima ni mngurumo mmoja kama friji letu la zamani, ulisema inataka subira. "Subirini, inakuja," ulituambia, ukiwa umefumba macho. Nimeishi nawe miaka yote ile na sijawahi kuona kilichokuja. Ya tatu ulisema ndiyo yenye ngoma zenye akili. Mgeni akibisha hodi kwa jambo lake la maana, kuleta kadi ya mwaliko au kuomba ngazi, anajikuta amekalishwa kwenye kile kiti cha katikati ya chumba cha nyuma, haruhusiwi kukohoa, anasikiliza ngoma zenye akili. Jirani yetu mwashi alitoka pale na jasho usoni, akaniuliza pembeni kama unao ndugu wa kukuangalia.

Ya tano uliishutumu. Ulisema jamaa ameharibika kwa sababu ameoa. "Sikia hapo," ulisema, "hilo ni gita la mtu aliyeshiba." Kisha ukanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na sinia la chai yako. Sijui ulitaka niseme nini.

Na ya sita uliinunua ukaiacha ndani ya nailoni yake, eti hutaki kusikia mtu unayempenda akichoka. Nikakuuliza, sasa umeinunua ya nini? Ukasema seti ni seti. Ukasema hata lile jiwe dogo kabisa halitumiki kila siku, lakini sanduku bila hilo si sanduku. Ukishaleta mawe kwenye mazungumzo, najua nimeshashindwa.

Tuje kwenye ya nne, iliyotutesa.

Hiyo ndiyo pekee anayoimba. Hamna mabomba, hamna redio zinazokoroma. Ni yeye na kinanda, anavuta sauti ndefu kwa lugha ambayo hakuna anayeijua humu ndani. Na katikati ya ile sauti ndefu, kila baada ya kitambo kidogo, sauti inajikwaa. Inashuka, inatetemeka, inapanda tena. Kama mtu mwenye kilio cha kwikwi. Kila ilipokuja uliinua kidole. "Hapo. Mtu mzima, mbele ya kipaza sauti, analia na haoni haya." Ulisema alifiwa na mama yake wakati anairekodi. Nikakuuliza nani kakwambia. Ukasema, "Haihitaji kuambiwa. Sikiliza."

Na mimi nilikuwa nasikiliza, Gramu. Nikiwa korido nashona sare za shule, ile kwikwi ikija mguu wangu ulisimama wenyewe juu ya kanyagio. Hilo sikuwahi kukwambia, kwa sababu ungeniita nije nikae kwenye kiti.

Sasa, mdogo wako kinyozi. Mlianza naye wazimu huu mkiwa vijana, mnachangiana santuri moja, wiki hii kwako, wiki ijayo kwake. Mkaoa, mkakua, kila mtu akawa na mashine yake na santuri zake. Ya nne yeye aliipata baadaye sana. Akaja nayo Jumapili moja akiwa ameikumbatia kifuani, lakini usoni ana wasiwasi.

"Kaka," alisema, "ya kwangu hailii."

"Haiwezekani."

"Nimeisikiliza wiki nzima. Jamaa anaimba vizuri tu, tena kama ana furaha. Nusura nicheze."

Ukaichukua, ukaigeuza kwenye mwanga, ukaichunguza pale karibu na tundu kama unakagua jiwe bandia. Ukatoa hukumu. "Hili ni toleo la baadaye. Kilio wamekifuta. Wenye kampuni hawapendi mtu alie."

Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona mdogo wako anajizuia kucheka. Akasema, "Sawa, basi iweke kwenye mashine yako tusikie kilichofutwa."

Ukaiweka. Ikalia. Kwikwi ileile, mahali palepale.

Mtu mwingine yeyote angeelewa hapo. Mtoto wa chekechea angeelewa. Santuri ya mtu inaimba vizuri kwake, ikifika kwako inalia. Tatizo liko wapi? Lakini wewe ulikunja mikono, ukasema, "Umeona? Kilio kipo. Mashine yako ndiyo inayokimeza."

"Au yako ndiyo inayokitengeneza," akasema mdogo wako. Alisema polepole, kwa heshima, nashuhudia. "Kaka, wewe unapima vyombo vya watu wote. Hiki nacho tukipime. Dakika moja tu, tufungue tuangalie."

Ungesema ndiyo. Ungesema hata "kesho." Lakini uso wako ulibadilika, kwa sababu hakuna mtu mji mzima aliyewahi kukwambia kwamba chombo chako kinakosea. Wewe ndiye uliyekuwa unawaambia wengine. Na ndipo uliposema lile neno.

"Tatizo si chombo. Tatizo ni sikio la kusikia kilio. Wewe hata mama tulipomzika hukutoa chozi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mdogo wako aliirudisha santuri yake ndani ya jalada, taratibu, akihakikisha haigusi ukingo, kama wewe ulivyomfundisha. Akapita karibu yangu akasema, "Shemeji, kwaheri." Wewe hakukuaga. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi mimi nililima, Gramu. Nililima miaka na miaka, na kapu sikuwahi kulishika.

Yeye alikuwa ananyoa watu mitaa miwili tu kutoka hapa. Wewe ukaanza kunyolewa na mtu asiyekijua kichwa chako, ukawa unarudi na kisogo chenye ngazi, unasema, "Amejitahidi." Nilikuomba uende ukaseme neno moja. Ukanijibu kwamba mlango haujafungwa. Mlango uliokuwa unauongelea ni huu ambao wewe ndiye uliyekuwa umekaa ndani yake. Ulipolazwa alikuja, akakuta umelala. Akakaa kando ya kitanda, akakushika mguu juu ya shuka, akaondoka kabla hujaamka. Nilipokueleza, ukasema, "Si angeniamsha." Nikatoka nje ya wodi, nikaenda kuzungumza na ukuta.

Siku ya mazishi alisimama nyuma ya watu wote, macho makavu. Niliwasikia wakinong'ona. Nyumbani hakuingia, aliishia getini. Na tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka: mtu yule aingie ndani ya nyumba hii na akae. Binti yangu amekosa baba. Sikuwa tayari akose na baba mdogo kwa ajili ya Mzee Vyuma.

Uliniachia agizo ukiwa kitandani, unakumbuka. "Nikitimiza mwaka, hotuba sitaki. Pigeni ya nne, upande wa pili." Nikaona hapo ndipo pa kumwitia. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Lakini wiki moja kabla, nilipoiwasha mashine kuijaribu, ilinguruma tu, sahani haizunguki. Nikamwita fundi wa redio wa pale kituoni. Nakuona ukigeuka huko uliko. Ndiyo, nilimruhusu aiguse. Tena kwa mkono mtupu.

Akaifunua, akainama. Kisha akauliza, "Mama, nani aliitengeneza hii?"

"Mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine."

"Mkanda wake ulikatika zamani. Humu ndani kuna lastiki, nayo imechomoka kwenye gurudumu."

Akaivuta kwa koleo, akaiweka mezani. Lastiki ya sketi, Gramu. Nyeupe, yenye mstari wa bluu pembeni. Lastiki yangu ya sare za shule, niliyoitafuta mpaka nikagombana na muuza vitambaa nikidhani amenipunja. Nilikuuliza wewe ana kwa ana, ukiwa unafuta mawe yako. Ukasema, "Panya." Nilitega mitego nyumba hii, Gramu. Nilinunua paka. Paka yule amezeeka humu ndani hajawahi kuona panya hata mmoja, na ulikuwa unamtazama kila siku bila haya.

Umeiunga kwa mkono wako mwenyewe. Sindano nene, uzi mweusi, na fundo lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mke wako mshonaji yuko korido, hatua chache, na wewe umejifungia unashona fundo. Najua ulisema ni ya muda. Kila kitu cha muda katika nyumba hii kimezeeka pamoja nasi.

Fundi wa redio akaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mfiwa. Kwamba hii lastiki imelegea, kwa hiyo sahani ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Na kwamba kila fundo linapopita kwenye gurudumu la mota, sahani inajikwaa kidogo. "Kwenye kelele huwezi kujua," alisema. "Lakini mtu akiimba sauti ndefu, utasikia kama anakatika."

"Kama analia," nikasema.

"Hivyo pia unaweza kusema."

Akaweka mkanda mpya, akaweka santuri ya nne. Gramu, Mzee Vyuma wako si mzee. Ni kijana. Ana sauti nyepesi ya mtu anayeimba huku anaosha baiskeli. Hakuna aliyefiwa. Hakuna kwikwi. Binti yetu alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akawa hacheki tena. Mimi nilikuwa nataka ufufuke dakika tano tu, nikugombeze, kisha urudi.

Mganga hajigangi, hilo nalijua. Lakini wewe ulizidi. Mtu aliyekataza jiwe lisishikwe kwa jasho aliamua mambo ya ndugu yake kwa lastiki ya sketi ya darasa la tatu. Na kuna swali ambalo binti aliliuliza: siku ile mdogo wako aliposema tufungue tuangalie, uliikumbuka ile lastiki? Kwa sababu ulipima kila kitu katika maisha yako, hata mizani ya jikoni ya mama yangu, na chombo hicho kimoja hukukipima, wala kabla wala baada. Wakati mwingine nadhani uliikumbuka palepale, lakini lile neno la mama lilikuwa limeshatoka mdomoni. Ungesemaje tena?

Niliifunga lastiki kwenye leso, nikaenda kinyozini. Alikuwa na mteja kitini, povu limemjaa mashavuni.

"Shemeji," nilisema, "ulikuwa sahihi. Ni mashine."

Nikamfungulia leso, nikamweleza yote, hadi panya. Nilitegemea atacheka, au atakasirika, au walau atajisikia ameshinda. Miaka yote ile ya kuitwa mtu asiye na moyo. Alifuta wembe, akauweka chini, akaichukua ile lastiki. Akaivuta, akaiachia. Akaligusa fundo kwa kidole gumba.

"Hili fundo lake," alisema. "Hata kamba za viatu alikuwa anafunga hivi. Mama alikuwa anazikata kwa kisu."

"Basi njoo Jumapili, anatimiza mwaka. Mashine imepona, utaisikia inavyotakiwa."

Aliizungusha lastiki kidoleni hadi mteja akakohoa. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini mnirudishie hii ndani."

"Irudi ya nini? Si ndiyo iliyowagombanisha?"

"Shemeji, siku ile mimi nilikuwa natafuta kosa. Kosa nililisikia. Lile alilokuwa analisikia kaka sikulisikiliza." Akaikunja lastiki vizuri akaniwekea kwenye leso. "Nataka kuisikia kama alivyoisikia yeye."

"Jamani," mteja akasema, "na mimi nina povu usoni."

Jumapili alikuja. Aliingia getini, akaingia mlangoni, akavua viatu pale alipokuwa anavivua zamani. Fundi wa redio alikataa kuitia lastiki, alisema hawezi kukitia ugonjwa kitu alichokiponya, lakini hakuondoka, alitaka kuona. Mdogo wako akaitia mwenyewe. Kisha akakaa kwenye kiti cha katikati bila kukalishwa na mtu, na binti yako akashusha sindano.

Ile sauti nzito ikatoka. Ile ya kwako, ya polepole. Na ilipojikwaa mara ya kwanza, binti aliinua kidole. Hakujua hata kama amekiinua.

Mdogo wako alilia, Gramu. Hakulia kama watu wazima wanavyolia, kwa kufuta jicho na kusema ni vumbi. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, kila fundo linapopita. Sote mle ndani tulijua kinacholia pale ni nini. Tulijua ni uzi mweusi na lastiki yangu. Haikusaidia kitu. Hata fundi wa redio alitazama dirishani.

Upande ulipoisha, hakuna aliyenyanyua sindano. Mdogo wako akasema, hakuwa anasema nasi, "Kaka, analia. Nimesikia." Akapangusa uso kwa viganja. Kisha akanigeukia. "Siku ya kumzika mama nilikuwa nimemshika kaka, shemeji. Alikuwa anaanguka. Nilimshika tangu nyumbani hadi tunamaliza. Ningelia mimi, nani angemshika?"

Hukujua. Ulikuwa umefumba macho, mkono wake uko chini ya kwapa lako, na baadaye ukahesabu machozi yake ukaona hayapo. Mpimaji mzima. Na yeye hakukwambia, kwa sababu nyinyi ni wana wa mama mmoja, na ukaidi mligawana sawasawa. Ingetosha mmoja wenu kumuuliza mwenzake. Neno moja tu. Nimechoka nanyi, wallahi, na nyumba haijawahi kuwa na raha kama Jumapili ile.

Sasa anakuja kila wiki. Binti anamnunia akichelewa. Amekinyoa kichwa cha mwashi palepale uani, na ameanza kusema kwamba ya tano si mbaya hivyo. Nimemwambia ya tano ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu ni ya mtu aliyeoa. Tumebishana hadi chai ikapoa. Ya sita bado iko ndani ya nailoni. Hatujaigusa. Seti ni seti.

Ule mkanda mpya uko kwenye droo. Lastiki iko ndani ya mashine, na hapo itakaa, lakini ijulikane kwamba ni mali yangu na nimekuazima tu. Na cherehani nimeamua ibaki korido. Kutoka pale inasikika vizuri zaidi.

Unakumbukwa na mimi mkeo mshonaji, binti yako mwalimu, mdogo wako kinyozi, ambaye sasa anaingia bila kubisha hodi, mama mkwe wako, ambaye bado anauliza mfuniko ulipatikana wapi, muuguzi na watoto wote wa zahanati waliopimwa kwa haki, mwenye bucha, ambaye bado anafuta mizani kwa mazoea, paka, na yule panya, ambaye hakuwahi kuwepo.

Hatutakusahau, Gramu, leo wala milele. Kwikwi ikija, tunainua kidole.